Mlio wa Habu ya Twaibu

Rwekubo, kimji cha Isingiro kusini mwa Uganda, ilikuwa na mafundi baiskeli watatu, wawili wanaume na mmoja Halimah binti Sowedi. Mwenye baiskeli ya kawaida alikwenda kwa hao wanaume, akakaa kwenye benchi lao, akapiga soga. Lakini mwenye baiskeli ya gia ya ndani, ile ambayo gia zake tatu zimefichwa tumboni mwa habu, kile kitovu cha gurudumu la nyuma, alimpelekea Halimah hata kama mwenyewe alikuwa mtu wa kudharau wanawake. Mwenye shida hachagui, na wengine walikuja wamegeuza uso pembeni kama watu waliokuja kwa mganga.

Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake, Mzee Sowedi, aliyekimbia Uvira, Kongo, enzi za vita vya Mulele na kufika kambi ya wakimbizi ya Nakivale akiwa na mke, mtoto mmoja na sanduku la spana. Macho yake yalipoanza kufifia, vidole vya bintiye ndivyo vilivyoingia mahali ambapo vyake havikuona tena. Ndani ya habu mna vikucha vidogo vya chuma, na nyuma ya kila kikucha mna springi nyembamba kama unywele. Mzee alimfundisha kuvipangusa, kuvirudisha, na kuvilisha mafuta mepesi ya cherehani kupitia kile kitundu chenye kikofia. Usitie grisi, alisema. Grisi inavigandisha vikucha, na siku moja mpanda baiskeli anakanyaga pedali mguu unadidimia hewani. Mafundi wa grisi ni wengi duniani, wala si wa baiskeli peke yao, lakini hayo tuyaache.

Jambo moja msomaji alijue kabla hatujasogea mbele. Baiskeli ya namna hii hulia. Ukienda tambarare kwa gia ya pili au ya tatu, vikucha hugonga ndani ya habu, tik, tik, tik, na wenye masikio hukujua kabla hujatokeza. Ukipanda mlima kwa gia ya kwanza, vikucha hulala. Baiskeli hunyamaza, hubaki pumzi zako tu.

Twaibu alimpata Halimah kwa njia ya habu. Alikuwa mchuuzi wa vitenge na sabuni, kijana wa Kiislamu wa Mbarara, mtoto pekee wa Mama Kaudha. Alikuja na baiskeli ya Kiingereza iliyokufa gia, ikatengenezwa, akarudi nayo wiki ya pili imekufa tena. Safari ya tatu Halimah alimwambia kwamba habu haifi hivyo, habu inauawa, na kama ana neno aliseme kwa baba yake badala ya kutesa chuma cha watu. Alilisema. Walioana mvua zilipoanza, na baada ya vita vya kumwondoa Amini, Mama Kaudha naye akaona mji umemchoka, akahamia Rwekubo kwa mwanawe.

Ile baiskeli Halimah aliiunda upya kwa ajili ya mumewe. Nyuma aliweka kigurudumu kikubwa zaidi cha meno, gia zilegee kwa ajili ya milima ya Isingiro. Akachomelesha karia ya nondo ya kubeba marobota. Kidude cha kubadilishia gia kilipovunjika, akatengeneza kingine kwa kitasa cha kabati, Twaibu akawa anajigamba kwamba yeye peke yake Uganda nzima hufungua mlango ili apande mlima. Na springi moja ya kikucha ilipokatika, akachomoa uzi mmoja wa waya wa breki, akaukunja kwa koleo mpaka ukakubali. Ukawa laini kuliko mwenzake. Tangu siku hiyo habu ya Twaibu ililia kwa kuchechemea, kikucha kimoja kikigonga na kingine kikinong'ona: tik-tsi, tik-tsi. Hapakuwa na habu nyingine yenye mlio huo.

Katikati ya mwaka wa themanini na nne, baada ya Idi ya Ramadhani, Twaibu alifunga marobota akaaga. Alisema anakwenda Ngarama, na biashara ikiwa nzuri atateremka mpaka Kikagate. Hakurudi.

Halimah alikwenda kuulizia mwenyewe. Kikagate hawakumwona. Ngarama walimwona: alikunywa chai, akauza, akageuza baiskeli kuelekea nyumbani. Hapo habari zikakatika. Miaka ile, askari wakiwa barabarani kote, mtu akipotea, aliyeuliza mara ya pili alikuwa anajitafutia njia ya kumfuata, kwa hiyo watu walimjibu Halimah mara moja, kisha wakaanza kuzungumzia ukame.

Shehe Abubaker wa msikiti wa Rwekubo alisema hawezi kumsomea khitima mtu ambaye hakuna aliyeona kifo chake. Mama Kaudha akasema hata akija shahidi yeye hataki khitima, mtoto wake yu hai. Halimah akabaki katikati, si mke wala mjane. Kila jioni alipakua chakula cha mumewe akakifunika kwa sahani, na kila asubuhi akakimimina. Akivaa nguo ya maua, wanawake wa kisimani walinyamaza; akivaa kaniki, Mama Kaudha alimwuliza anamtakia nani mauti. Alitaka kitu kimoja tu duniani: kujua. Kama Twaibu yu hai, amngoje. Kama amekufa, akae eda yake, miezi minne na siku kumi, ndani, na nguo yake nyeupe, amlilie mumewe kama wanaume wa watu wanavyoliliwa. Alitamani hata huo msiba, na kuutamani kwake kulimtia aibu.

Mlio ulianza wakati mvua za mwisho wa mwaka zilipokuwa zikikatika.

Aliyeusikia kwanza ni Mama Kaudha, akitawadha kwa ajili ya sala ya alfajiri. Alimwita mkwewe kwa sauti ya chini.

"Halimah. Kuja hapa. Sikia mutoto yangu."

Halimah alitoka peku. Ukungu wa ziwa la Nakivale ulikuwa umelala juu ya migomba, huoni hatua kumi. Kutoka upande wa njia ya kambini ulikuja mlio: tik-tsi, tik-tsi, tik-tsi. Ukaja taratibu, bila haraka, kama mtu aliyechoka lakini anajua nyumbani ni karibu. Mbuzi wao, aliyezoea kulala katikati ya njia, aliinuka akasogea kando, kama afanyavyo baiskeli ikipita. Mlio ukapita mbele ya Halimah, karibu kiasi cha kunyoosha mkono, na pamoja nao ikapita harufu ya mafuta ya cherehani. Ukafika mlangoni, ukanyamaza.

Hapakuwa na mtu. Kulipokucha Halimah aliikagua njia akiwa amechuchumaa. Matope yalikuwa laini, yenye nyayo za mbuzi na nyayo zake mwenyewe. Alama ya tairi haikuwapo.

"Anarudi," alisema Mama Kaudha, uso umemng'aa. "Anatafuta njia tu. Mutu aliyekufa hapana endesha baiskeli."

Ulikuja kesho yake, na siku zilizofuata, alfajiri kwa alfajiri. Majirani wawili waliusikia. Mmoja akahamisha kitanda chake chumba cha mbele, ausikie vizuri. Mama Kaudha akaanza kuchemsha chai ya mwanawe kabla ya adhana. Na Halimah, kwa siku chache, alikuwa na furaha. Tuseme ukweli, alikuwa na furaha ya kichaa, alijipaka hina.

Kisha siku moja alfajiri, akiwa ameshika nguzo ya mlango, akasikia kama fundi na si kama mke. Nyumba yao ilikuwa juu ya kilima. Kutoka kwenye migomba hadi mlangoni ni mwinuko mkali, na Twaibu, mzigo au bila mzigo, alikuwa akiupanda kwa gia ya kwanza, amesimama juu ya pedali, anahema. Yaani kimya. Huo mlio ulikuwa ukipanda kilima chote bila kukatika wala kupunguza mwendo, tik-tsi, tik-tsi, gia ya tatu. Hakuna mapaja ya binadamu aliye hai yanayopanda kilima kile kwa gia ya tatu.

Akakaa kizingitini. Hakumwambia Mama Kaudha. Angemwambia nini? Alimwona bibi kizee anapuliza moto, anachagua kikombe kisicho na ufa, akaona heri neno hilo alimeze mwenyewe. Tangu siku hiyo, mlio ulipopita mbele yake, alifumba macho na kusoma alichokijua cha Kurani, huku akiona haya kumsomea mumewe kama anayefukuza shetani.

Ilikuwa mchana wa jua kali alipofika askari. Alishuka kwenye basi dogo la Mbarara, akateremshiwa baiskeli kutoka juu ya paa, akaisukuma hadi kibanda cha ufundi cha Halimah, mbele ya nyumba yao. Alivaa shati la kiraia lakini viatu vilikuwa vya jeshi. Alijitaja kuwa koplo, jina lake Nasani, wa kambi ya jeshi ya Mbarara. Baiskeli ilikuwa imepakwa rangi ya kijani kwa brashi ya ukutani, hata spoki zimechafuka.

"Mama, watu ya Mbarara nasema wewe ndiye daktari ya habu," alisema. "Hii yangu napiga kelele."

"Ile ni tabia yake, afande," Halimah alijibu, bado ameinamia tyubu ya gurudumu la mteja mwingine. "Kinga ya gia tatu inaliaka."

Kinga ndilo jina la baiskeli kwa watu wa kwao, na askari alielewa.

"Ikitembea, sawa. Hii nalia ikisimama. Ndani ya nyumba, asubuhi, giza bado kidogo. Mama watoto, Kobusingye, alisema nichague, baiskeli ama yeye. Sasa amechukua watoto, ameenda kwao. Fundi ya kwanza aliweka grisi. Fundi ya pili aliongeza grisi. Nalia tu. Wewe nyamazisha yeye."

Halimah aliinua kichwa. Aliiangalia karia ya nondo. Aliangalia usukani, na hapo, chini ya rangi ya kijani, akaona kitasa cha kabati.

Mtu aliyemwuliza askari swali baya mwaka ule hakuonekana tena. Aliipindua baiskeli kichwa chini kama alivyopindua mamia mengine, mikono ikifanya kazi yake bila yeye, akazungusha gurudumu la nyuma. Tik-tsi, tik-tsi, tik-tsi. Mbuzi aliyekuwa amelala katikati ya njia akainuka, akasogea kando.

Akalitoa gurudumu, akafungua habu. Ilikuwa imeshindiliwa grisi nyeusi mpaka pomoni. Alipogusa vikucha kwa ncha ya bisibisi, vilikuwa vimeganda, havisogei hata chembe. Habu ya namna hiyo haiwezi kulia. Hata ukiiburuta toka hapo mpaka Mbarara, haitoi sauti. Na alikuwa ameisikia kwa masikio yake, muda huohuo, mchana kweupe, watu wananunua chumvi ng'ambo ya barabara. Alipangusa grisi kwa kitambaa, polepole, mpaka nyuma ya kikucha cha pili ukatokeza uzi wa waya wa breki, umekunjwa kwa koleo, kwa mkunjo wa mkono wake.

"Afande," alisema, na sauti aliyoisikia hakuijua kuwa ni yake. "Hii kinga ulipata fasi gani?"

Askari aliangalia barabara. "Wewe tengeneza. Maswali ya wapi, wapi, ya nini?"

Ndipo Mama Kaudha akatoka nyuma ya pazia la mlango. Alikuwa amesikia yote. Alikuja na kikombe, kile kisicho na ufa, akampa askari kwa mikono miwili kama anavyopewa mgeni wa heshima, akakaa chini kwenye mkeka mbele ya viatu vyake.

"Kunywa, mutoto wa watu," alisema. "Hapa hakuna mutu wa kukushitaki. Sisi ni wanawake wawili tu. Hiyo baiskeli ni ya mutoto yangu. Sema."

Nasani alikishika kikombe asinywe. Alikuwa mtu mkubwa mwenye shingo nene, na Halimah aliona chai inamwagika kwenye kiatu chake, naye hakipangusi.

"Mimi hapana ua," alisema. "Mungu naona. Sisi tulikuwa patroli, upande hii ya Ngarama, pale barabara nateremka kwa matete. Tulisikia hii kelele. Tukasema ni mutu nakuja, tukangoja. Mutu hapana kuja, kelele naendelea. Tukaenda. Tulikuta yeye amekaa chini. Baiskeli amepindua, kichwa chini, namna hii yako. Spana kwa mkono. Nikamwambia, wewe, simama. Hakusimama. Nikashika bega. Alikuwa baridi, mama. Baridi ya tangu jana. Risasi hakuna, damu hakuna, kidonda hakuna."

Alikiweka kikombe mkekani.

"Lakini gurudumu ilikuwa nazunguka."

Ng'ambo ya barabara mtu alicheka dukani. Mama Kaudha hakusogea.

"Wenzangu alikimbia," Nasani aliendelea. "Mimi nikabaki, sijui kwa nini. Nilichimba. Nilitaka kumlaza, alikataa kunyooka. Amekauka vile amekaa. Nilimzika hivyo, amekaa. Halafu nikachukua baiskeli. Nilisema, yeye hana kazi nayo tena. Nilipaka rangi. Hiyo ndiyo makosa yangu, mama. Ningeuliza watu, ningesema. Niliogopa, na niliipenda."

"Ilikuwa lini?" Halimah aliuliza.

"Baada ya Idi ya Waislamu. Siku kidogo tu."

"Na uso wake? Alikuwa anaangalia ku upande gani?"

Askari alifikiri, kisha akanyoosha kidole. Alionyesha barabara, upande wa kuja Rwekubo.

Kesho yake Nasani aliwaongoza wanaume wa msikiti mpaka pale mahali. Shehe Abubaker hakutaka kaburi lifukuliwe baada ya muda wote ule. Alisema aliyeketi na akae, Mungu anajua kumnyoosha mja wake. Waliongeza udongo, wakasali, wakarudi jioni wamechoka na matope magotini. Nasani hakurudi nao. Alipanda basi kutoka hukohuko, baiskeli akaiacha kibandani kwa Halimah, na hatujui kama Kobusingye alimrudia.

Alfajiri iliyofuata wanawake wawili walikaa macho wakingoja. Adhana ikapigwa. Ukungu ukaja, ukaondoka. Mbuzi alilala njiani hadi jua likamkuta palepale. Mama Kaudha aliutazama moto bila kuinjika chai.

Halimah alijua la kufanya, na kujua huko kulimpa nguvu ya ajabu. Alifunga kibanda. Spana za baba yake alizisugua mafuta, akazifunga kwenye gunia. Wateja wawili aliwaelekeza kwa wale mafundi wanaume, akawasihi, kama watu wa Mungu, wasikubali habu zao zitiwe grisi. Hina iliyobaki kwenye kucha aliikwangua kwa kisu. Akatoa sandukuni nguo nyeupe aliyoitunza tangu Twaibu alipochelewa, aliyoificha asiione mama mkwe, akaivaa, akakaa kwenye mkeka chumba cha ndani. Hatimaye alikuwa mjane, ana mahali pake, ana siku zake za kulia.

Shehe Abubaker alikuja kutoa pole baada ya adhuhuri. Alikaa ukumbini na Mama Kaudha, pazia likiwa kati yao na Halimah, na alipoambiwa kwamba Halimah ameingia eda, alisogea karibu na pazia. Alikuwa mtu mpole, na neno alilokuwa nalo hakulipenda.

"Binti yangu," alisema kupitia pazia. "Toka nje. Huna eda."

"Namna gani sina, shehe?"

"Eda inahesabiwa tangu siku mume alipokufa, si tangu siku mke alipopata habari. Amekufa baada ya Idi. Hesabu mwenyewe. Miezi minne na siku kumi imeshapita, na zaidi. Eda yako ilianza na ikaisha wewe ukiwa kazini, huna habari. Sasa uko huru. Fanya kazi, tembea, na ukitaka kuolewa, hakuna wa kukuzuia."

Halimah alikuwa anaitazama mikono yake. Alikumbuka siku hizo zote: sahani alizozifunika, nguo ya maua, spoki alizozikaza akiimba. Alikuwa mjane na hakujua. Walimpa uhuru mtu aliyekuwa akiomba kifungo.

"Basi ni nani aliyeikaa?" aliuliza. "Hiyo eda yangu, shehe, ni nani aliikaa?"

Shehe alishika tasbihi yake, akaanza kuihesabu.

Ni Mama Kaudha aliyeinuka, akafungua pazia, akamkuta mkwewe na nguo yake nyeupe.

"Twaibu," alisema. "Yeye mwenyewe ndiye alikaa, mwanangu. Wewe hapana jua, mimi nilikataa kujua. Alikaa peke yake pale, anangoja sisi."

Halimah alitoa sauti ambayo Rwekubo haijaisahau. Ng'ambo ya barabara watu waliacha mizani zao, wakatoka nje ya maduka, wakaulizana kuna nini kwa fundi.